Stoo Iliyojaa, Mikono Mitupu

Dominika ya 18 ya Mwaka C
Mhu 1:2; 2:21-23. Kol 3:1-5, 9-11. Lk 12:13-21



Katika Injili ya leo Bwana wetu anatupa mfano wa tajiri ambaye shamba lake lilizaa sana. Haisemwi kwamba mtu huyu aliiba au alidhulumu. Alivuna, na mavuno yakawa mengi kuliko nafasi. Shida yake ikawa ile ile inayowapata wakulima wetu wengi msimu huu: mavuno haya nitayaweka wapi? Akaamua kuyabomoa maghala yake na kujenga mengine makubwa zaidi. Usiku ule ule roho yake ikatakiwa, na Mungu akamwita mpumbavu.

Tuangalie jinsi alivyofikiri. Alizungumza na nafsi yake peke yake. Hamtaji mke, wala mtumishi, wala jirani. Tena hatusikii kwamba alifungua maghala yale ya zamani ili atazame mlikuwa na nini ndani, na ni kipi kingeweza kutoka. Aliwaza kuongeza tu. Kutoa hakukumjia akilini.

Ndugu zangu, tusimcheke. Mimi ninayewahubiria nimekwisha kuwa mtu huyo.

Nilikuwa paroko katika parokia moja ya nyanda za juu kusini, ambako mwezi Juni na Julai baridi huuma mifupa. Jioni moja alinijia bibi mmoja mjane, amemshika mjukuu wake mkono. Akaniomba kitu cha kumfunika mtoto usiku. Nikamjibu kwa moyo mweupe kabisa, "Bibi, kwa kweli hatuna." Akasema, "Haidhuru, Baba," akaondoka.

Majuma kadhaa baadaye tulihitaji karai kwa ajili ya mafundi. Mimi na katekista tukafungua stoo ya parokia. Tulisogeza mifuko ya saruji iliyokwisha kuganda kama mawe, magurudumu ya baiskeli, viti vilivyovunjika, makopo ya rangi iliyokauka. Nyuma ya hayo yote tukakuta sanduku, na ndani yake mablanketi sita tuliyokuwa tumepewa mwaka uliotangulia. Manne yalikuwa yameliwa na panya. Mawili yalikuwa mazima.

Niliyachukua yale mawili nikaenda nyumbani kwa bibi. Ndipo niliposikia kwamba mtoto alikuwa amelazwa kwa homa ya mapafu. Namshukuru Mungu, alipona. Bibi akapokea kwa mikono miwili, akayatazama, kisha akaniuliza kwa upole, "Baba, yalikuwa wapi siku zote?"

Sikuwa na jibu. Sikumdanganya siku ile niliposema hatuna, maana sikujua kwamba tunavyo. Lakini kutokujua kwangu hakukumfunika mtoto. Usichokijua kwamba unacho huwezi kukitoa. Mbele ya maskini, stoo iliyovurugika ni sawa na stoo tupu.

Katika karne ya 4, Mtakatifu Basili Mkuu, Askofu wa Kaisaria ya Kapadokia, nchi iliyo leo Uturuki, alihubiri juu ya mfano huu huu. Alifundisha kwamba nguo inayokaa bure sandukuni ni haki ya aliye uchi, na viatu vinavyooza ndani ni vya yule atembeaye pekupeku. Akaonyesha pia kwamba anayetafuta ghala kubwa zaidi analo tayari, nalo ni nyumba za maskini. Humo panya hawaingii.

Basi, wapendwa, tufanye nini? Wengine watasema, "Padre, hatuna fedha za kujenga stoo nyingine." Vema! Tajiri wa Injili alikuwa nazo, na hazikumsaidia. Kazi ninayowaomba haina gharama kubwa. Inataka siku moja ya jua, na watu wote wa nyumbani.

Kwanza, toeni kila kitu nje, mtandike mikeka uani, mkavipange mafungu matatu: vinavyotumika nyumbani, vinavyoweza kumfaa mwingine, na vilivyokwisha kabisa. Baba asitupe vyungu vya mama, wala mama asitupe vyuma vya baba, kabla ya kuulizana. Amani ya ndoa ina thamani kuliko stoo safi.

Pili, stoo ikiwa tupu, fagieni mpaka pembeni, mzibe matundu ya panya, na kama chokaa ipo mpake kuta. Mahindi ya mwaka jana yasichanganywe na mapya, kwa sababu wadudu wa zamani huhamia katika mavuno mapya. Magunia yasikae juu ya sakafu wala yasiegemee ukuta. Yawekwe juu ya chaga ya miti. Mbao mbili tatu zilizowekwa juu ya matofali zinatosha kuwa rafu. Majembe na mapanga yatundikwe kwenye misumari. Mafuta ya taa na dawa za wadudu zikae mbali na chakula, juu, mahali mtoto hafikii. Wala msizitie kamwe katika chupa ya soda, kwa maana mtoto huijua chupa, hajui kilichomo.

Tatu, hakikisheni kwamba mahindi yamekauka kabla ya kuyaingiza ndani. Tia mahindi kiasi katika chupa safi na kavu, ongeza chumvi kavu kidogo, utikise, kisha uache yatulie kwa dakika 15. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado yana unyevu, yarudishwe juani. Jambo hili si dogo. Mwaka 2004 katika nchi jirani ya Kenya, hasa wilaya za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumukuvu, na 125 kati yao wakafa. Walikula mahindi yaliyoota ukungu kwa kuhifadhiwa na unyevu. Ghala lililotarajiwa kulinda uhai likaleta mauti.

Sasa nirudi kwenye lile fungu la pili, la vitu vya kumfaa mwingine, kwa sababu hapo ndipo Injili inapotungoja. Lisirudi ndani. Likirudi kwa usiku mmoja, litakaa mwaka. Wakati wa jioni, kabla jua halijazama, kila kitu kitajiwe jina la mtu: sweta hili la fulani, sufuria hii ya yule aliyeunguliwa nyumba. Msipomjua mwenye shida, waulizeni viongozi wa jumuiya ndogondogo au akina mama wa WAWATA. Lakini tahadharini, maskini si shimo la taka. Nguo ifuliwe, kifungo kishonwe, jembe litiwe mpini. Kilichokwisha kabisa kiwekwe katika fungu la tatu, kisivikwe jina la sadaka.

Nanyi makatekista wenzangu katika kazi, tuanzie kwetu. Stoo ya kigango na ya parokia iwe na daftari mlangoni, kila kinachoingia kiandikwe, na tarehe yake, na kila kinachotoka vivyo hivyo. Laiti ningalikuwa na daftari la namna hiyo mwaka ule.

Mtume Paulo, katika somo la pili, anatutaka tuyatafute yaliyo juu, alipo Kristo. Njia mojawapo ya kuyafikia hupita katika chumba kile chenye giza nyuma ya nyumba, ambacho hatupendi wageni wakione. Siku yetu itakapofika, Bwana hataangalia ukubwa wa ghala. Nahofia atatuuliza kama bibi yule: yalikuwa wapi siku zote? Tumwombe neema ya kufungua mlango huo mapema, wakati vilivyomo bado vizima, na mwenye kuvihitaji bado yu hai.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.