Minyoo ya Samaki wa Tangi: Itambue Kabla ya Kununua Dawa

Mazungumzo kwa wafugaji na wauzaji wa samaki wa mapambo



Samaki wa mapambo siku hizi wako sebuleni, hotelini, kwenye vinyozi na hata madarasani. Kwa kijana anayezalisha gapi nyuma ya nyumba na kuwauza, tangi moja ni karo ya shule. Minyoo ya tumboni humtia hasara kimyakimya. Samaki anakula vizuri lakini anakonda, mgongo unachongoka, uzazi unapungua, na tangi zima linaisha mmoja mmoja. Wengi hukimbilia duka la agroveti na kununua dawa yoyote ya minyoo. Hapo ndipo pesa hupotea, kwa sababu vimelea vya tumboni si vya aina moja na dawa ya kimoja huenda isikiguse kingine.

Kwanza, mfugaji atazame. Akiona nyuzi nyekundu zikichungulia kwenye tundu la haja samaki anapotulia, huyo ni mnyoo mviringo uitwao Camallanus. Hunyonya damu kwenye utumbo. Asili yake ni Asia, na umesambaa duniani kupitia biashara ya gapi na jamaa zake. Huzaa mabuu hai, na ndani ya tangi mabuu hayo hupita kutoka samaki hadi samaki. Dawa yake ni levamisoli.

Akiona vipande bapa vyeupe kama utepe kwenye kinyesi, hao ni tegu. Dawa yao ni prazikwanteli, ile ile inayotibu kichocho kwa binadamu.

Samaki akikonda na kutoa kinyesi cheupe chenye utelezi bila mnyoo kuonekana, huenda ana vimelea vya seli moja, ambavyo hutibiwa kwa metronidazoli. Hata hivyo, samaki ambaye hajala kwa siku kadhaa pia hutoa kinyesi cheupe. Heri kinyesi kipimwe kwa darubini na daktari wa mifugo kuliko kubahatisha. Chumvi, ambayo wengi huitegemea, haitoi minyoo tumboni.

Pili, maji yapimwe. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana 30 na maji ya kina cha sentimita 30 lina sentimita za ujazo 54,000, yaani lita 54. Kipimo cha levamisoli kinachotumika sana ni miligramu 2 kwa kila lita, kwa saa 24. Tangi hilo linahitaji miligramu 108. Hizo ni miligramu za dawa yenyewe, si za unga wote. Unga wenye dawa asilimia 10 utahitajika gramu 1 na kidogo tu; kijiko kizima kinaweza kuua samaki wote. Dawa ya ng'ombe au mbuzi iliyochanganywa na kemikali nyingine isitiwe kwenye tangi.

Tatu, litibiwe tangi zima, si samaki mmoja. Mkaa wa kichungi uondolewe kwanza kwa sababu hufyonza dawa. Pampu ya hewa iachwe ikifanya kazi na taa izimwe. Levamisoli hupoozesha mnyoo, haimuui papo hapo. Kwa hiyo siku ya pili uchafu wa chini ufyonzwe kwa mpira na maji mengi yabadilishwe, la sivyo samaki watawala minyoo iliyodondoka. Matibabu yarudiwe baada ya wiki mbili au tatu ili kuwamaliza waliobaki. Anayeacha baada ya mara moja hurudi dukani mwezi unaofuata.

Dawa hizi zisitumiwe kwa ngege au kambare wa kuliwa bila agizo la daktari wa mifugo.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Samaki mgeni akae wiki nne kwenye chombo chake, chenye wavu wake, kabla ya kuingia tangini. Vijidudu vya kulisha samaki visichotwe mitaroni au kwenye mabwawa yenye samaki, kwa maana baadhi yao hubeba mabuu ya minyoo. Muuzaji akiona nyuzi nyekundu asimuuze samaki huyo. Mteja atakayepoteza tangi lake hatarudi.

Mwisho, samaki mgonjwa asitupwe mtoni wala ziwani, hata kwa huruma. Ugonjwa wa tangi moja unaweza kuwafikia samaki ambao jirani anawavua kwa chakula. Waliokufa wazikwe, na maji yenye dawa yamwagwe chooni, mbali na mto na kisima. Mwenye shaka aende kwa afisa wa uvuvi au daktari wa mifugo aliye karibu kabla ya kufungua mfuko wa dawa.