Mto wa begani na namna unavyoibeba nguo
Maneno ya Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi

 

Hesabu za hisa na mikopo atakusomeeni Mweka Hazina, mimi sitazigusa. Nimeombwa niseme juu ya kazi, na kazi ya wengi wetu hapa ni cherehani. Basi nimechagua kitu kidogo ambacho mvaaji wala hakioni, lakini kinatuletea wateja na pia kinatufukuzia. Nacho ni ule mto wa begani, ambao mafundi wengi tunauita pedi.

Koti au blauzi inaning'inia begani. Bega likikaa sawa, hata kitambaa cha bei ndogo kinashuka vizuri. Bega likianguka, kola inafunguka, kifua kinafanya mikunjo na mkono unavuta kwapani. Pedi inalinyoosha bega na kulipa ukingo, kitambaa kikashuka kutoka hapo moja kwa moja. Tena bega likipanuka kidogo tu, kiuno kinaonekana chembamba, na futi haijapungua hata nusu inchi. Jicho ndilo linalodanganyika, na fundi analijua hilo.

Wa umri wangu mnakumbuka. Biashara ilipolegezwa hapa Zanzibar mwaka 1984, wakati Mzee Ali Hassan Mwinyi akiwa Rais wa Zanzibar, nguo za nje zilianza kuingia, na blauzi za miaka ile zilikuwa na pedi nene kama vitumbua. Marekani ndio ulikuwa mtindo. Ule mchezo wa televisheni wa Dynasty, ulioonyeshwa kwao kuanzia 1981 mpaka 1989, wanawake wake walikuwa na mabega mapana kuliko ya waume zao! Wala halikuwa jambo jipya, maana Elsa Schiaparelli, mshonaji maarufu wa Paris, alikuwa akiyapanua mabega toka miaka ya 1930. Sisi tulizifumua zile pedi, watoto wakazifanya mito ya kulazia watoto wa bandia. Baadae mtindo ukapita, na mafundi wengi wakaona hakuna haja tena ya kujifunza bega. Hapo ndipo palipotuumiza.

Kwa sababu koti halijapita. Bwana harusi wetu anavaa kanzu na koti juu yake. Mama wa ofisini anataka suti. Na koti la mtumba pale Darajani, hata likiwa limeshavaliwa miaka Ulaya, bega lake bado limesimama. Mteja akiliweka pembeni ya letu lililolala anachukua lile, halafu sisi tunasema tumeshindwa na bei. Mimi nasema wengine tumeshindwa na bega.

Mwenzetu mmoja, jina lake silitaji, alikopa kwenye kikundi akanunua kitambaa na bitana, akashona koti la harusi. Siku ya kupima, mteja akalikataa. Alisema limekwenda upande, na kweli lilikwenda upande. Rejesho lilikuwa wiki ile ile na harusi Ijumaa. Mama wa watu akatuletea koti ndani ya mfuko, machozi yamemjaa. Tulipomwita yule kijana na kumsimamisha sawasawa, tukaona bega lake la kulia liko chini kuliko la kushoto. Alikuwa mchukuzi, amebeba mizigo bega moja miaka mingi. Kukata hakukuwa na kosa, lakini pedi mbili zilikuwa sawa na mabega mawili hayakuwa sawa. Tukafumua bitana, tukaongeza tabaka moja ndani ya pedi ya kulia, tukarudisha. Ijumaa lile koti lilikwenda harusini, na rejesho likalipwa siku yake.

Kwa hiyo kabla ya kupima mtu, mtazameni kwanza kwa nyuma, amesimama, mikono chini. Futi peke yake haikuambii.

Jambo jengine ni nafasi ya pedi. Wengi wetu tunaitia baada ya nguo kwisha, kama chumvi iliyosahauliwa. Haifai. Pedi ya unene wa sentimita moja inataka ncha ya bega ikatwe juu kwa kiasi hicho, na kichwa cha mkono nacho kiongezwe, la sivyo nguo itapanda na kubana kwapani. Ukingo wake utokeze kidogo kupita mshono wa mkono, kama sentimita moja hivi, kisha piga bandi kwanza, mvishe mtu, ndio ushone.

Na ndani tutie nini? Sponji ni rahisi, lakini kwa joto na unyevu wa kwetu huchakaa ikawa unga wa manjano, na pasi ya mkaa ikizidi moto inaiyayusha. Sufi ikirowa hufanya madonge. Mimi napenda vipande vya blanketi kuukuu, tabaka juu ya tabaka, kila la juu dogo kuliko la chini ili ukingo uwe mwembamba, vishonwe pamoja na kufunikwa kwa bafta. Kwa blauzi ya kufuliwa kila siku, pedi itiwe vishikizo ili itolewe kabla ya kufua.

Dera liacheni lilivyo, uzuri wake ni kule kumwagika. Kanzu nayo haitaki pedi. Wazee waliitilia kaba, kile kitambaa cha ndani cha shingoni na mabegani, ikashika pahala pake bila kuinuka. Na gauni la bibi harusi lenye mikono iliyojaa begani, tieni neti ndani ya mkono, musitie pedi, mtoto wa watu akaonekana hana shingo.

Kamati imekubali kuwa wanaotaka mkopo wa cherehani mwaka huu watafundishwa bega kwanza, Jumamosi nne, bila malipo. Pale mezani tumeweka koti moja tulilolifumua bitana upande mmoja. Lishikeni, mlipindue, muone kilichomo, kabla hamjakwenda kwenye pilau.