Yai Linahesabiwa, Halipimwi

Wiki nzima bei ya trei ya mayai imezungumzwa sokoni, kwenye daladala na kwenye vibanda vya chipsi. Muuzaji amelalamikia bei ya pumba na dagaa wa kulishia kuku, mnunuzi amelalamikia mfuko wake. Kote huko hakuna aliyetaja gramu. Hilo ndilo linaloitia wasiwasi redio hii: Tanzania yai linahesabiwa, halipimwi.

Trei ni mayai 30. Yakiwa ya gramu 40, trei ina kilo 1.2. Yakiwa ya gramu 60, trei ina kilo 1.8. Pengo hilo la gramu 600 ni sawa na mayai 15 madogo, yaani nusu trei nzima, na linapita kaunta bila kuonekana kwa sababu yai linahesabiwa, halipimwi.

Uzito wa yai huanza kwa tembe, yaani kuku jike ambaye hajaanza kutaga. Kuku wa mayai wa kisasa huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20, na mayai yake ya mwanzo huwa kama gramu 45 kabla ya kupanda hadi 60 na zaidi. Kuku wa kienyeji anayejitafutia chakula huchelewa. Wengi huanza wakiwa na miezi 6 hadi 7. Yai lake mara nyingi ni la gramu 40 na kitu, na ukoo nao una sehemu yake, kwa kuwa Kuchi mrefu mwenye mwili hawezi kulinganishwa na Ching'wekwe mfupi. Lakini kwa kuku wote mwendo ni mmoja: mayai ya kwanza ni madogo, kisha kiini kinaongezeka kadiri kuku anavyokomaa, na yai zima linaongezeka nacho.

Anayeanza kutaga kabla mwili haujajaa hutoa viini vidogo, na mayai yake huchukua muda mrefu kufikia uzito unaofaa. Aliyeachwa akajaza mwili huanza na yai zito zaidi. Wafugaji wazoefu hawabahatishi. Humshika tembe jioni anapoingia bandani, wakatazama kama upanga umeiva na kuwa mwekundu, kisha wakaweka vidole kati ya ile mifupa miwili ya nyonga chini ya mkia. Kikipita kidole kimoja kwa shida, bado. Vikipita viwili au vitatu, kiota kiandaliwe.

Uvumilivu huo haulipwi hata senti moja. Anayewasha taa usiku kucha ili tembe wawahi kutaga anauza trei kwa bei ileile ya aliyesubiri. Tembe aliyeharakishwa yuko hatarini kutokwa na njia ya uzazi, na wenzake wakiona wekundu ule humdonoa hadi afe. Hasara hiyo hubaki bandani. Sokoni yai linahesabiwa, halipimwi.

Tena kuna vifaranga. Kifaranga wa siku moja huwa na takribani theluthi mbili za uzito wa yai alilotoka: yai la gramu 36 hutoa kifaranga wa gramu 24 hivi, la gramu 45 hutoa wa gramu 30. Mwenye kuatamisha mayai ya kwanza ya tembe huanza na vifaranga dhaifu, halafu hulaumu mbegu. Mayai hayo yaliwe, na ya kuatamisha yasubiri kuku akomae.

Kukomaa nako kunahitaji uhai. Ugonjwa wa mdondo ukipita kijijini humaliza banda kwa siku chache, na koo aliyekuwa akielekea kutaga mayai yake mazito zaidi hufa na vifaranga wake. Chanjo ya mdondo ya I-2, tone moja la jicho kila baada ya miezi 3 au 4, inahimili joto kuliko chanjo nyingi na inafaa kwa vijiji visivyo na jokofu.

Uingereza mayai hupangwa kwa uzito: chini ya gramu 53 ni madogo, 53 hadi 63 ya wastani, 63 hadi 73 makubwa. Hata huko, mwaka 2009, Tom Vesey, aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha wafugaji wa kuku huria, aliwashauri walaji wachague ya wastani, kwa kuwa yai kubwa mno linaweza kumuumiza kuku. Kuku akizeeka, yai hukua lakini ganda haliongezeki kwa kiasi kilekile, hivyo huwa jembamba na kuvunjika upesi. Kwa hiyo mizani haidai mayai manene kupita kiasi. Inadai yai la kuku aliyekomaa lilipwe kama lilivyo.

Basi mizani ziletwe! Halmashauri zianze na masoko yao, vikundi vya wafugaji vipange mayai kwa uzito kabla ya kuyapakia, na bei ya kilo ibandikwe pembeni ya bei ya trei. Mama lishe anayenunua trei kila asubuhi adai ipimwe mbele yake. Mfugaji azime taa, achanje kuku wake, amwachie tembe mwezi mmoja zaidi wa kula mchwa na majani. Na maofisa mifugo wanaposhuka vijijini kuhesabu kuku, safari hii wabebe mizani, wapime na mayai.