Leseni ya Mganga

Msikilizaji, hapa Al Qusais, Dubai, ninapoandaa mazungumzo haya, sheria haina leseni ya uganguzi: kanuni ya adhabu ya mwaka 2021 inauadhibu uchawi kwa kifungo na faini. Tanzania ilichagua njia ngumu zaidi. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ingalipo, na ile ya 2002 ikaunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, linalosajili waganga. Dawa hupimika, ramli haipimiki. Na ni ramli iliyowaponza vikongwe wa Usukumani, macho yao mekundu (kwa moshi wa jikoni tu!) yakaitwa ushahidi. Januari 2015, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, Serikali iliwapiga marufuku wapiga ramli. Kufikia Machi, zaidi ya 200 walikuwa wamekamatwa. Mteja anayetaka kutajiwa adui yake, hakuna baraza linalomsajili.