Ulinzi Nao Una Daftari Lake
Maelezo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu kila mwanaushirika anaujua. Katibu akiulizwa fedha za pamba zimekwenda wapi, nia njema peke yake haimwokoi, hufungua daftari. Ulinzi wa watu na mali nao ni amana ya namna hiyo hiyo. Walinzi hupewa na wenzao nguvu ya kumkamata mtu na kumnyima uhuru wake. Nguvu hiyo isipoandikwa wala kuulizwa, huigeukia jamii ile ile iliyoitoa.

Historia ya Shinyanga inatoa fundisho la kutosha. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, silaha za moto zilizagaa vijijini, wizi wa ng'ombe na unyang'anyi ukazidi, na vituo vya polisi vilikuwa vichache tena mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika sehemu za Kahama, wanakijiji walijiundia jeshi la jadi wakaliita Sungusungu, kwa mfano wa wale wadudu weusi waumao kwa pamoja. Yowe lilipigwa, kijiji kikaitikia kijiji, watu wakatoka na pinde na mishale, na mwizi wa ng'ombe akakosa pa kupita. Aliyekaidi alitozwa faini au kutengwa na majirani. Mpango huo ulienea upesi Usukumani na Unyamwezini, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ilirekebishwa ili walinzi wa aina hiyo wawe na uwezo wa kisheria wa kukamata.

Huduma hiyo ilikuwa kubwa, wala haifai kubezwa. Hata hivyo, wapo waliopigwa ili wakiri, na wanawake wazee walioshukiwa uchawi hawakusalimika. Mwizi wa kweli na jirani aliyechukiwa tu huonekana sawa mbele ya watu wenye hasira usiku wa manane.

Kosa hilo halikuwa la wenye pinde peke yao. Mwaka 1976, katika msako dhidi ya mauaji yaliyofungamana na imani za uchawi huko Mwanza na Shinyanga, watu waliokamatwa waliteswa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Januari 1977 Ndugu Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu. Hakumtesa mtu kwa mkono wake, lakini dhamana ilikuwa yake. Mwaka 1985 wananchi walimchagua kuwa Rais. Kuwajibika hakukumpunguzia heshima.

Kwa sababu hiyo sheria imeweka mipaka. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inamruhusu raia kumkamata mtu atendaye kosa kubwa mbele yake, lakini inamtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Kazi ya mlinzi huishia hapo. Kupeleleza ni kazi ya polisi, na kuhukumu ni kazi ya mahakama.

Katika ukanda wa dhahabu daftari huokoa maisha kwa njia nyingine. Oktoba 2015 wachimbaji sita walifukiwa Nyangalata, wilayani Kahama. Mmoja alifia chini. Watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Januari 2017, huko Nyarugusu mkoani Geita, wachimbaji 15 walifukiwa, na wote wakaokolewa baada ya siku chache. Swali la kwanza la mwokoaji afikapo shimoni ni hili: wameingia wangapi, na ni nani? Hakuna awezaye kulijibu kwa hakika isipokuwa mwenye kuandika majina mlangoni pa shimo, wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Pasipo orodha hiyo, mtu aweza kuachwa chini kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba alishuka.

Moto nao una hesabu yake. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji liliwekewa sheria yake mwaka 2007, lakini magari yake hukaa zaidi mijini, na maghala ya pamba yako vijijini. Pamba huweza kufuka moto ndani kwa ndani ilhali kwa nje haionyeshi dalili. Maji, mchanga na njia iliyo wazi ghalani ndivyo vitakavyowasaidia wanachama mpaka gari lifike.

Hapana budi, basi, kila chama kitimize haya kabla ya msimu wa ununuzi:

1. Zamu za ulinzi wa ghala ziandikwe, kwa majina, saa na sahihi.

2. Mtu akikamatwa, iandikwe saa aliyokamatwa, sababu yake, hali yake ya mwili, na saa aliyokabidhiwa polisi.

3. Fedha nyingi zisilale ofisini. Malipo yapitie benki au simu kila inapowezekana.

4. Namba 112 ya polisi na 114 ya zimamoto zibandikwe ukutani.

5. Taarifa ya ulinzi isomwe katika mkutano mkuu, kama isomwavyo taarifa ya fedha, na wanachama waihoji.

Chama kinachokagua mizani yake ili mkulima asipunjwe kilo moja hakiwezi kushindwa kukagua ulinzi wake ili mtu asiye na hatia asipoteze uhai.