Protini Iliyobaki Chini ya Ndoo

(Maneno ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa vikundi vya wasindikaji wa maziwa)



Mimi ni mwanahabari, si mtaalamu wa maabara. Nimesimama hapa kwa sababu ya ndoo moja. Kikundi cha akina mama kilinialika nikapige picha za yogati yao. Nilipofika, walinionyesha kilichobaki chini ya ndoo: tope jeupe lenye chengachenga. Walikuwa wameongeza unga wa protini ya maziwa ili yogati iwe nzito. Duka likarudisha chupa zote kwa sababu yogati ilikuwa na mchanga mdomoni. Wakaniuliza, "Mfuko umeandikwa protini asilimia 80. Mbona haikuingia kwenye yogati?"

Nimeuliza wanaojua, na jibu ni hili. Asilimia hiyo hutokana na kupima naitrojeni yote iliyo kwenye unga, kwa njia aliyoitoa Johan Kjeldahl wa Denmark mwaka wa 1883, kisha kuzidisha kwa 6.38. Inaonyesha protini iliyopo. Haionyeshi kama protini hiyo itayeyuka.

Unga uliokaushwa kwa joto kali mno, au uliokaa miezi mingi penye joto na unyevu, chembe za protini yake hushikana. Ukitiwa majini huzama.

Maabara hupimaje? Kwa maziwa ya unga yasiyo na mafuta, huchukua gramu 10 na mililita 100 za maji ya nyuzi 24, huchanganya kwa mashine sekunde 90, na kuacha dakika 15. Kisha mchanganyiko hutiwa kwenye mrija wa kioo na kuzungushwa kwa kasi ili kisichoyeyuka kitue chini. Maji ya juu huondolewa, mengine huongezwa, na mrija huzungushwa tena. Mashapo yanayobaki husomwa kwa mililita. Kadiri yanavyokuwa machache ndivyo unga ulivyo bora.

Ninyi hamna mashine hiyo, lakini mnaweza kulinganisha. Kabla ya kununua gunia, ombeni sampuli. Pimeni gramu 10 kwa mizani, mtie kwenye glasi safi yenye mililita 100 za maji. Korogeni dakika moja na nusu, mwache dakika 15. Kando yake wekeni unga mwingine mnaouamini, kwa kipimo kilekile, maji ya joto lilelile na muda uleule. Tazameni chini ya glasi zote mbili.

Msiharakishe kuhukumu. Unga wenye protini nyingi mara nyingine huyeyuka polepole tu. Rudieni kwa maji ya uvuguvugu, mwache saa moja mkikoroga mara kwa mara. Mashapo yakipungua, unga ulihitaji muda. Yakibaki vilevile, tatizo ni la unga wenyewe.

Hesabu ni nyepesi: mkinunua kilo 10 na kilo 2 zikabaki chini ya ndoo, mmelipia 10 mkatumia 8. Na hapo sijataja chupa zilizorudishwa.

Someni tarehe ya kutengenezwa. Hifadhini mfuko ukiwa umefungwa, mahali pakavu penye ubaridi, juu ya mbao, mbali na ukuta na bati lenye joto. Jaribio la glasi halichukui nafasi ya maabara wala alama ya ubora ya KEBS. Linawasaidia tu kujua swali la kumwuliza muuzaji kabla pesa hazijatoka mkononi.

Akina mama wale sasa hupima kila mfuko kabla ya kuufungulia ndoo. Picha nilizopiga baadaye ni za yogati.