Nani Alijaza Fomu? Bangi, Kichaa na Sheria



Nilikusudia kuzungumzia sheria tu, lakini nimechokozwa. Daktari mmoja, rafiki yangu wa siku nyingi, alisema katika kongamano la hapa chuoni kwamba mjadala wa kuhalalisha bangi ulikwisha zamani, kwa kuwa wodi za wagonjwa wa akili zimejaa wavutaji. Ukumbi ukampigia makofi. Mimi ni mwanahistoria. Nikiambiwa wodi zimejaa, huuliza ni nani aliyehesabu.

Wanaoiona bangi kama mgodi wa dhahabu sitawachosha. Mwaka 2022 mgombea urais Profesa George Wajackoyah aliwaahidi Wakenya kwamba bangi ingelipa deni la taifa, akaongezea sumu ya nyoka na korodani za fisi. Akapata kura chini ya asilimia moja. Lesotho ilianza kutoa leseni za bangi ya dawa mwaka 2017. Wenye mitaji kutoka nje wakaingia, na mkulima wa milimani aliyeilima miaka yote akashindwa kumudu ada. Hayo yanatosha.

Turudi wodini. Mwaka 1893, baada ya maswali katika Bunge la London, serikali ya kikoloni ya India iliunda tume ya kuchunguza bangi na jamii zake, chini ya W. Mackworth Young. Wajumbe walikuwa saba, watatu kati yao Wahindi. Walihoji mashahidi 1,193, na ripoti yao ya mwaka 1894 ni mlima wa majuzuu. Wanafunzi wangu wanaijua habari hii hadi wanasinzia. Leo wanivumilie tena.

Tume iliambiwa na watu wengi, madaktari wakiwemo, kwamba bangi huleta kichaa, na takwimu za hospitali zilikuwepo kuthibitisha. Wajumbe wangeweza kunakili na kurudi nyumbani. Hawakufanya hivyo. Waliomba kumbukumbu za wagonjwa wenyewe, mmoja baada ya mwingine.

Wakagundua kwamba mgonjwa alifikishwa hospitalini na fomu yenye safu ya sababu ya ugonjwa, na mara nyingi maelezo yake hayakutoka kwa daktari bali kwa polisi. Mfikirieni polisi huyo: amemwokota mtu barabarani, hamjui, ndugu zake hawapo, na fomu inadai jibu. Akisikia kwamba jamaa huvuta, kazi imekwisha. Daktari anapokea fomu, karani anajumlisha, na uvumi wa sokoni unatoka upande wa pili ukiwa takwimu ya serikali. Tume ilizifuatilia kesi za mwaka 1892. Wagonjwa 222 walikuwa wameandikiwa kwamba bangi ndiyo sababu. Baada ya uchunguzi wakabaki 98, kati ya wote 1,344 waliolazwa mwaka huo. Ikahitimisha kwamba matumizi ya kiasi hayana madhara ya kutajika, kwamba kupita kiasi kunaweza kudhuru hata akili, na kwamba dawa yake ni kodi na leseni, si marufuku. Sijasoma ripoti ya kikoloni iliyonifurahisha kuliko hii, na nimesoma nyingi mno.

Miaka 30 baadaye, katika mkutano wa kimataifa wa dawa za kulevya huko Geneva, mjumbe wa Misri, Mohamed El Guindy, alidai kwamba hashishi ilisababisha asilimia 30 hadi 60 ya kichaa chote nchini mwake. Safari hii hakuna aliyeomba fomu. Bangi ikaingizwa katika mkataba wa 1925, kisha katika ule wa New York wa 1961 ambao sheria zetu za Tanzania zinauegemea.

Mtasema hayo ni ya kale. Nilipompeleka binamu yangu hospitali, akiwa hajalala usiku kadhaa na anasikia sauti, swali la kwanza mapokezi lilikuwa, "Anavuta?" Kisa rasta kichwani. Shangazi akaapa kwamba kijana hajawahi kushika msokoto. Kalamu ilikuwa imeshaandika.

Hata hivyo rafiki yangu daktari ana haki yake. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 1987, uliowafuatilia vijana wa jeshi zaidi ya 45,000, ulikuta kwamba waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 walipata skizofrenia mara sita zaidi ya wasiovuta. Utafiti mwingine wa mwaka 2019, uliohusisha zaidi Ulaya, uliona hatari kubwa kwa wanaovuta kila siku bangi kali. Kijana wa miaka 15 asiiguse. Na maduka ya bangi siyataki: Thailand ilifungua milango mwaka 2022, na kufikia 2025 ikawa inairudisha kwenye cheti cha daktari.

Lakini hatari hiyo inategemea umri, ukali na wingi, na jela haipimi hata kimoja. Mama wa kijana anayeanza kusikia sauti atamficha ndani akihofia polisi, wakati siku hizo ndizo za kumwahi. Afrika Kusini, kwa hukumu ya Mahakama ya Katiba ya mwaka 2018 na sheria ya 2024, imemwacha mtu mzima avute faraghani bila kuruhusu biashara. Hapo ningesimama nami.

Wanasheria wataniambia mikataba inatufunga. Marekebisho ya 1972 ya mkataba wa 1961 yanaruhusu mtumiaji apewe tiba badala ya adhabu. Mkulima wa bangi wa Kisimiri Juu au Tarime ni suala gumu zaidi, maana kulima bila kibali bado ni kosa kimataifa. Ila miaka 30 jela inayomkabili haikuandikwa Geneva wala New York. Iliandikwa Dodoma, na Dodoma inaweza kuifuta.